Fumba Macho, Usiombe

Butembo, 14 Septemba

Mvua imeanza kweli, na mimi nimeanza kuandika, kwa sababu nyumbani humu nimebaki bila mtu wa kuongea naye. Mume wangu Ananie yuko Kipese kwenye viazi, na njia ikiwa tope anarudi pale anapoweza. Mdogo wangu Sikuli yuko hapa, amekaa karibu na makaa, lakini tangu ajali ana neno moja tu, nalo ni "kumbe".

Nieleze vizuri, nisije nikasoma haya uzeeni nikajichanganya. Sikuli analima kakao Mbau. Mwezi wa nane alikuwa anapeleka magunia Beni kwa pikipiki, tairi likateleza, akaangukia upande wa kushoto wa kichwa. Hospitalini Beni alipofungua macho alitutambua sote, tukamshukuru Mungu kwa sauti. Muuguzi akamuuliza jina lake. Akasema, "Kumbe." Unataka maji? "Kumbe." Tulicheka, na yeye akacheka. Baada ya siku chache hakuna aliyecheka tena.

Wakatuambia tumlete huku Butembo kwa daktari wa ubongo. Ndiyo maana yuko kwangu, anatetemeka kwa baridi ya milima ndani ya koti la Ananie.

16 Septemba

Mvua. Nimeshona sare za shule mpaka mgongo umegoma. Sikuli: kumbe.

20 Septemba

Abigaïl amepiga simu. Ni mchumba wa Sikuli, na tangu mwanzo sikumpenda sana. Anacheka kabla mtu hajamaliza kusema, na anapaka kucha rangi ya machungwa hata wakati wa kuvunja kakao. Sasa ndiye anayeangalia shamba la Sikuli, anavuna, anafunika mbegu kwa majani ya ndizi, anazigeuza, anazianika jua likitokea. Anasema mikono yake inanuka siki. Nikamwambia siki haijaua mtu.

Nilimpa Sikuli simu. Akaishika kwa mikono miwili, akasikiliza yote, kisha akasema "kumbe" kwa upole kiasi kwamba nilienda jikoni kutafuta kitu ambacho sikukihitaji.

Mezani niliomba sala ya mama yetu, ile tuliyoisema tangu meno ya kwanza: aksanti Baba kwa mwenye alilima, kwa mwenye alipika, kwa mwenye iko hapa, na kwa mwenye iko njiani. Hapo mwisho, desturi ya nyumba yetu ni kutaja jina la aliye njiani. Zamani alikuwa baba. Siku hizi ni Ananie, kila jioni Ananie, maana mume wangu ameoa barabara.

28 Septemba

Papa Henri, baba ya Abigaïl, amefika kutoka Mbau. Ndoa ilipangwa Januari, kakao ikishauzwa. Mbuzi wetu wa mahari wako kwake tangu Pasaka. Alimsalimu Sikuli, akajibiwa tunavyojua.

"Mama Rébecca," akaniambia, "siku ya ndoa pasta atamuuliza kama anakubali Abigaïl. Atasema kumbe?"

"Atasema ndiyo."

"Lini?"

Nikamwambia tumepewa siku ya électro, ile mashine ya kusoma umeme wa kichwa, na daktari atatuambia. Akasema, "Sawa. Tutangojea ile électro." Akala viazi vingi. Ni bahili, huyu mzee, anakula kama mtu anayeweka akiba.

4 Oktoba

Électro imefanyika. Muuguzi anaitwa Julie, mwanamke mwenye mikono myepesi. Alimpaka Sikuli kitu kama uji kati ya nywele, akamvalisha kofia ya nyuzi, na kila uzi ulikwenda kwenye mashine. Nilimwuliza kama umeme utaingia kichwani. Akasema hapana, kichwa ndicho kina umeme wake, mashine inasikiliza tu.

Nilidhani watampa kazi, hesabu au kitu cha kusoma. Kumbe (na mimi nimeambukizwa) wanataka asifanye lolote. Kichwa kinasomwa kikiwa kimepumzika.

"Fumba macho, Sikuli," Julie akasema. "Tulia. Usifanye kitu yoyote."

Sikuli akafumba. Mimi pia nikainamisha kichwa, nikafumba macho, nikamkabidhi mdogo wangu kwa Mungu mpaka Julie aliposema tumemaliza. Nilisema amina.

9 Oktoba

Daktari Kambere ni kijana kuliko sauti yake. Hakuficha neno. Alisema upande wa kushoto mawimbi ni ya polepole, na hilo alilitegemea, ndipo alipoumia. Lakini mbele pia, kushoto na kulia, kuna mawimbi mazito, yanakuja na kurudi. Inaonekana si njia ya maneno tu iliyoharibika, kichwa karibu chote kimepungua nguvu.

"Anasikia sauti zetu," akasema, "mais sijui kama maana inafika. Mama, hapana kumukaza. Na usingojee mingi."

Sikuli alikuwa kando yangu. Alimtazama daktari, akasema "kumbe".

Nililia barabarani mbele za watu na sikujali. Sikuli alinishika mkono kuvuka, kama nilivyomshika yeye alipokuwa mdogo.

10 Oktoba

Sikushona.

13 Oktoba

Nimempigia Henri, maana neno la kweli halina haja ya kuzeeshwa. Akasema mavuno yakiisha atarudisha mbuzi, ili binti yake awe huru na sisi tusiwe na deni la aibu. Alisema kwa adabu. Nilimjibu bila adabu, nikamwita bahili.

Ananie, ambaye kwa bahati alikuwa nyumbani, alisubiri nikate simu. "Bahili harudishaki mbuzi," akasema, akaendelea kusafisha viatu.

Hilo nimeliwaza leo mchana kutwa. Mume anayesema kidogo anaudhi sana akisema kweli.

19 Oktoba

Mvua ya mawe. Kabichi zimepona.

25 Oktoba

Naandika jambo nisilolipenda. Tumeanza kusema mbele ya Sikuli kama mbele ya kabati. Leo jirani aliniuliza kama anajisaidia mwenyewe chooni, nami nikajibu, naye amekaa pale pale. Alisimama akatoka kwenye mvua. Nilimfuata na mwavuli, akaukataa.

2 Novemba

Leo nimefungua macho wakati wa sala, na ninamshukuru Mungu kwa dhambi hiyo.

Nilikuwa naomba mezani. Sombe, majani yetu ya muhogo, ilikuwa bado motoni, nikasikia inafurika, harufu ya kuungua ikaja. Nikafungua jicho moja ili nione kama naweza kumaliza sala kwanza. Hapo nikamwona Sikuli. Macho yamefumbwa, midomo imefungwa, lakini shingo inapanda na kushuka, na chini ya kidevu ulimi unatembea. Nilipunguza mwendo, ulimi ukapunguza. Niliposema "kwa mwenye iko hapa" nikanyamaza makusudi. Ulimi wake ukaendelea peke yake mpaka mwisho, kisha ukatulia.

Sombe ikaungua yote.

Nimekaa sasa nikikumbuka ile siku ya Julie. Fumba macho, tulia. Mtu aliyekulia kanisani, mtoto wa mama yetu, ukimwambia afumbe macho na atulie mbele ya mtu mwenye vazi jeupe, atafanya nini? Mimi mwenyewe nilifanya nini? Tuliomba sote wawili. Mashine haikusoma kichwa kilichopumzika hata kidogo.

5 Novemba

Nilikwenda kwa Daktari Kambere bila kupewa siku, nikiwa nimejiandaa kugombana. Hakukuwa na haja. Nilipomweleza, aliinuka, akaleta karatasi za ile siku, akazipitia kwa kidole, kisha akaanza kucheka polepole, akashika kichwa chake.

"Ulimi," akasema. "Ulimi iko na umeme yake, mama. Ukitembea, unatupa mawimbi mazito huku mbele, pande zote mbili. Ningepaswa kuona. Na miye, wakati ya kufanyiwa ile examen ya kichwa ku masomo, niliomba pia."

Akamwita Julie. Safari hii Julie alimvalisha Sikuli kofia, akainama mbele ya uso wake.

"Fumba macho, lakini usiombe. Ulimi ulale. Mungu atakungojea kidogo."

Sikuli alicheka mpaka nyuzi mbili zikatoka. Sijamwona akicheka hivyo tangu Beni. Na mtu anayecheka mzaha amefikiwa na maana, hilo hata mimi bila mashine nalijua. Daktari pia aliliona, akanitazama.

Mimi nilikaa macho wazi, nikimlinda shingo kama askari wa barrière ya barabarani.

6 Novemba

Jibu. Kushoto ni polepole, kama tulivyojua. Mbele hakuna tena mawimbi mazito. Nyuma ya kichwa kuna mawimbi ya sawasawa, mazuri, ya mtu aliyefumba macho akatulia.

Niliuliza mawimbi ya mtu asiyefanya kitu yana faida gani. Daktari alifurahi kuulizwa, nikajuta kidogo, maana alieleza kwa muda mrefu. Lakini nimeelewa, na naandika nisisahau.

Alisema ubongo ukipumzika haulali. Sehemu zake zinaendelea kusemezana, na hazisemezani ovyo. Ndani kuna nyuzi nyingi zinazounganisha sehemu na sehemu, na mazungumzo ya mapumziko yanafuata zile nyuzi. Ni kama Jumapili hapa mjini: maduka yamefungwa, hakuna aliyetumwa, lakini watu wanatembea, na wanatembea pale penye njia. Ukitazama wanakopita siku isiyo ya soko, utakisia njia ziko wapi, na ipi imekatika. Mashine yake haioni nyuzi zenyewe. Inasikia tu watembeaji.

"Ya Sikuli, huku kushoto daraja ilianguka," akasema. "Maneno mapya inafika pale, inakosa pa kupita, inatoka ile moja tu. Mais sala, nyimbo, kuhesabu, vitu vya utoto, vile watu banavipitisha mara elfu. Iko na njia yake ya zamani, pana, hata ku upande ya kuume. Donc tumuingize kwa ile njia."

"Tumwingize namna gani?"

"Ombeni. Kwa sauti. Halafu mumuachie mwisho."

8 Novemba

Nimemwachia mwisho. Hakuna kitu. Nikamsaidia.

9 Novemba

Vilevile. Ananie amekwama Kipese, gari limezama mpaka mlango.

12 Novemba

Abigaïl amefika kutoka Mbau bila kutuarifu, na gunia dogo la mbegu za kupanda na kucha zisizo na rangi. Baba yake anadhani yuko Beni kwa shangazi. Nilitaka kumgombeza, nikamwona mikono ilivyopasuka, nikamkaangia ndizi.

Jioni nikaomba, nikafika "na kwa mwenye iko...", nikangoja, nikamalizia.

"Yaya," Abigaïl akasema, ndivyo anavyoniita, dada mkubwa, "wee haungojeaki. Unavuta pumzi moja, unasema."

"Nangoja sana."

"Hapana. Acha niombe miye."

Akaomba yeye. Akafika pale, akanyamaza. Alinyamaza kupita adabu. Bugali lilianza kupoa. Mikono yangu ilikuwa inaniwasha kwa kutaka kusema, nikaikalia. Huyu msichana anayecheka kabla mtu hajamaliza alikaa kimya kama jiwe la mtoni, na Sikuli akafungua kinywa, akasema, "Njiani."

Kisha akaongeza, wazi kabisa, "Ananie."

Abigaïl hakucheka. Alisema amina, akamega bugali, akala. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

13 Novemba

Abigaïl amerudi Mbau na gari la asubuhi. Nimempa kitambaa cha kanga nilichokuwa nimejiwekea.

20 Novemba

Sasa Sikuli anaisema sala yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya mtu anayepanda mlima. Nimemwita jirani aje asikie. Nimeimba nikishona.

24 Novemba

Nimeimba mapema.

Ananie amerudi jana, matope mpaka masikioni. Mezani Sikuli akaomba: kwa mwenye alilima, kwa mwenye alipika, kwa mwenye iko hapa, na kwa mwenye iko njiani, kwa Ananie.

"Niko hapa, shemeji," Ananie akasema.

Sikuli akamtazama. Alijua, uso wake ulijua. Akafumba macho tena, akarudia, na tena likatoka Ananie. Akapiga meza kwa ngumi, akasema, "Kumbe."

Daktari anasema hivyo ndivyo njia ya zamani ilivyo, inakupeleka inakokwenda yenyewe, si unakotaka. Kutoka humo kwenda kando, neno jipya, hiyo ni kazi nyingine, na inaweza kuchukua mwaka, au isiwe. Nilimpenda zaidi alipokuwa akieleza habari za Jumapili.

27 Novemba

Henri amesikia kwa watu kwamba Sikuli anaomba. Akapiga simu. Nikamweleza yote, na ya Ananie pia, nisingeweza kumdanganya.

"Kasuku ya Mbau inasemaka pia," akasema. Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka. "Mama, niko na mutoto mwanamuke moja. Sitafuti mutu wa kuimba. Natafuta kujua kama kuko mutu ndani."

Safari hii sikumwita kitu. Ningekuwa na binti ningeuliza hivyo hivyo.

3 Desemba

Mvua, sare, mvua.

8 Desemba

Sikuli anafanya mazoezi peke yake uani, chini ya bati. Anaanza sala, anafika mwisho, linatoka Ananie, anatema mate, anaanza upya. Leo nimemsikia akifika "njiani" na kunyamaza. Hakuna jina lililotoka. Nikampelekea chai, nikaondoka bila kusema. Najifunza.

15 Desemba

Abigaïl anasema kwa simu kwamba baba yake ametafuta gari. Alilia kidogo. Alisema yeye hajakataa, lakini hawezi kupita juu ya baba yake kanisani. Sikuli alisikia yote. Hakusema hata kumbe.

18 Desemba

Henri amekuja na mbuzi.

Naanza mwanzo. Mchana mvua ilikuwa imekaza, camionnette ikasimama mlangoni, na kabla sijamwona mtu nikasikia mbuzi. Henri aliwafunga kwenye ua wangu, wakaanza na kabichi. Alisimama chini ya paa akidondoka maji, akasema atasema neno lake pale pale, hatakaa. Kwetu mtu aliyekuja kuvunja neno hali chakula cha nyumba ile, maana ukishamega bugali la mtu huwezi tena kumwambia tuachane.

Ananie alitoka, akamshika mkono, akasema, "Papa, mvua haina kesi. Ingia." Akaingia. Chakula kilikuwa mezani tayari, bugali, maharagwe, sombe. Nilipitisha maji ya kunawa. Ananie akanawa, Sikuli akanawa, mimi nikanawa. Nilipofika kwa Henri, alirudisha mikono kwenye mapaja.

"Aksanti, mama. Nishakula njiani."

Alikuwa hajala. Tulijua sote. Niliweka birika sakafuni, maana hapo ndipo ndoa ya mdogo wangu ilikuwa inaishia, kwenye mikono ya mzee isiyonawa.

Nikafungua kinywa niombe. Sikuli akaniwekea mkono begani. Akafumba macho.

"Aksanti Baba," akasema. "Kwa mwenye alilima." Akapumzika. "Kwa mwenye alipika." Sauti yake ilikuwa nzito, kila neno linavutwa na kamba. "Kwa mwenye iko hapa. Na kwa mwenye iko njiani."

Nikangoja Ananie litoke. Ananie mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, shati kavu. Nikafikiri, litatoka, na Henri atainuka.

Halikutoka. Sikuli alinyamaza. Nje mbuzi alilia, mwingine akamjibu. Nilifungua macho, siku hizi nafungua, nikaona yake pia yako wazi, anamtazama Henri. Ulimi ulikuwa unatafuta ndani ya shavu. Jasho lilitoka kwenye kovu. Nilikuwa na majina tele ya kumpa, nilikuwa na Abigaïl tayari kwenye meno yangu, nikayabana mpaka yakauma. Hakuna aliyemsaidia. Bugali likapoa.

"Kwa..." akasema Sikuli. "Kwa miye."

Aliweka kiganja kifuani pake ili asieleweke vibaya. Hakusema amina, nadhani nguvu zilimwishia pale.

Henri ndiye aliyesema amina. Alikaa akiitazama meza, midomo yake inatembea, kisha akakohoa kama mtu aliyeingiwa na moshi.

"Mutu iko njiani," akasema, "watu banamungojeaka."

Akanyoosha mikono yote miwili juu ya beseni, akaniomba maji.